Kariakoo Iliyoulizwa Sana

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzia pembeni mwa Kariakoo. Ukiwaambia vijana wa leo, wanadhani unatania. Kwao chuo ni Mlimani, ni yale majengo meupe juu ya kilima, ni kima wanaoiba ndizi za wanafunzi, ni foleni ya Ubungo. Lakini tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera ya Uhuru kupandishwa, masomo ya kwanza yalianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, mkabala na viwanja vya Mnazi Mmoja. Wanafunzi walikuwa wachache kiasi cha kutosha chumba kimoja, wote wa sheria, na shahada waliyoitazamia ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Dirishani walisikia kelele za mjini. Wakitaka chakula, walishuka wakakipata palepale, kwa bei ya palepale.

Mwaka 1964 chuo kikahamia kilimani. Sina ugomvi na kilima. Hewa yake nzuri, na miti yake imenifunika mvua na jua kwa miaka mingi. Ila tangu siku ile mtu wa chuo akitaka kuijua Kariakoo ilimbidi apande basi, na anayepanda basi kuja kukujua ameshakuwa mgeni wako kabla hajabisha hodi.

Mimi nililipanda basi hilo miaka ya mwanzo ya themanini, nikiwa mwanafunzi wa sosholojia niliyetafuta senti za likizo kwa kazi ya udodosaji. Lilikuwa Ikarus la UDA, lile refu lenye kiungo katikati, ambalo watu wa Dar waliliita kumbakumba kwa kuwa lilizoa kila aliyesimama kituoni. Mkononi nilikuwa na bahasha ya madodoso yaliyochapwa kwa stensili. Wino wake ulipaka vidole, karatasi yenyewe ya kijivu na nyepesi, kwa sababu nchi haikuwa na karatasi, kama ambavyo haikuwa na sabuni wala dawa ya meno. Penseli tuligawana, moja watu wawili, tukaikata kwa kisu.

Utaratibu ulikuwa mrefu na hakuna aliyeulalamikia. Barua ya chuo ilikwenda kwa katibu kata, akaisoma kwa sauti mbele yetu kama hatujui kilichomo. Kutoka hapo kwa katibu wa tawi. Kutoka tawini kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi ndiye aliyekutembeza. Alijua mlango upi una msiba, upi una ugomvi wa kodi, upi usigongwe kabla ya sala ya adhuhuri. Siku hizi vitabu vya mbinu za utafiti vinaita hilo kuingia katika jamii na kulipa sura nzima. Sisi tulikuwa na balozi, mzee aliyevaa kofia ya kufuma na kandambili, na alitutembeza bure.

Nyumba nyingi za Kariakoo wakati huo zilikuwa bado za Kiswahili. Ukumbi unapita katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele, uani nyuma pamoja na jiko, choo, bomba na pengine banda la ziada lililopangishwa. Wapangaji walitoka kila pembe ya nchi, na mwenye nyumba mara nyingi alikuwa bibi, mjane au mtalaka, aliyekijenga au kukirithi kiwanja zamani, naye anaishi chumba cha mbele ili aone anayeingia na anayetoka. Barazani palikuwa pa wanaume na kahawa. Habari zenyewe zilikuwa uani, na huko hufiki mpaka bibi akuite.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Umetumwa na nani?”

Swali hilo halikuwemo katika dodoso langu, lakini ndilo lililokuwa la kwanza kila nyumba. Ukisema chuo, anauliza chuo cha nani. Ukisema cha serikali, uso unafunga. Na alikuwa na haki. Mwaka 1983 serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walitupa bidhaa barabarani usiku wasikutwe na marobota ya khanga au mifuko ya sukari. Mwaka huohuo ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na asiyeweza kuonyesha kazi yake aliweza kukamatwa na kupelekwa shamba. Ndani ya hali hiyo mimi, kijana mwembamba mwenye nusu penseli, naingia uani na kuuliza: bibi, nyumba hii ina watu wangapi, na kila mmoja anafanya kazi gani?

Walikuwa mafundi. Wote. Kijana aliyeuza sigara mojamoja Mtaa wa Kongo alikuwa fundi. Aliyepitisha mitumba kwa siri alikuwa fundi cherehani, ingawa cherehani haikuwepo. Mama aliyepika pombe alikuwa fundi wa upishi. Mtu akisoma madodoso yetu ya mwaka ule leo atadhani Kariakoo kulikuwa na kiwanda kikubwa kilichokwisha bila kuacha hata tofali.

Dawa yake ilikuwa moja: kurudi. Siku ya kwanza unapata mafundi. Ukirudi kesho bila dodoso, ukasaidia kuchota maji au ukakaa tu bibi akichambua mchele, unasikia jina la kijana na bei ya pakiti ya sigara. Ukirudi tena baada ya Ijumaa, unaelezwa pakiti inatoka wapi, nani amekopesha mtaji, na kwa nini mshahara wa mpangaji wa chumba cha tatu, mtumishi wa serikali, haufiki tarehe kumi na tano. Dodoso halikuwa na nafasi ya kuandika hayo. Lilikuwa na visanduku. Basi tuliyaandika nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo, upande usiochapwa.

Kilichopata karatasi hizo ndicho kinachonikereketa mpaka leo. Makarani waliopewa kazi ya kuhamisha majibu waliangalia upande wa mbele tu, wakanakili namba za visandukuni. Namba zikawa jedwali, jedwali likawa ripoti, ripoti ikawekwa jalada gumu. Madodoso yakakaa kwenye maboksi ya kadibodi korido fulani, mvua ikapita paa, mchwa wakapita sakafu. Jedwali la mafundi lipo. Bei ya sigara, mkopo wa shemeji, mshahara unaokufa katikati ya mwezi, vyote vilikuwa nyuma.

Sitaki kudai kwamba zamani ilikuwa pepo. Kariakoo ilianza kuulizwa na watu waliotaka kuitawala. Jina lenyewe ni la wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita ya kwanza ya dunia, waliopigiwa kambi hapa. Mwaka 1931 ofisa wa kikoloni, E. C. Baker, aliandika taarifa ya hali ya maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam, na nia ilikuwa ileile ya utawala: ni nani hawa, wanaishi vipi, wangapi wanaweza kurudishwa kwao. Robo karne baadaye, mwaka 1956 na 1957, ofisa mwingine, J. A. K. Leslie, akafanya uchunguzi mkubwa zaidi wa mji. Kitabu chake kilitoka mwaka 1963, wakati serikali iliyomtuma haipo tena, na mji aliouchunguza upo mikononi mwa wale waliochunguzwa.

Nilipokisoma mara ya kwanza nilikisoma kwa hasira, ndivyo tulivyofundishwa, na mahali pengi hasira inastahili. Vijana wasio na kazi wanatajwa kwa macho ya polisi. Hata hivyo niligundua jambo lililoniudhi zaidi ya ukoloni wake: Leslie alikuwa ameandika nyuma ya karatasi. Pamoja na majedwali kuna mgeni anayeshuka mjini na kumtafuta ndugu wa kwanza wa kufikia, kuna wenye nyumba na wapangaji wao, kuna vyama vya ngoma na jinsi watu wanavyoazimana fedha. Ofisa wa utawala alikuwa ametuachia uani pote, na sisi wenye uani tulikuwa tumeacha visanduku.

Kilima nacho kilikuwa na siku zake njema. Terence Ranger alikuja mwaka 1963 kuanzisha idara ya historia, na pamoja naye na baada yake wakaja watu walioamini kwamba historia ya Tanganyika iko vichwani mwa Watanganyika. Wanafunzi walitumwa kusini wakati wa likizo kukusanya simulizi za Maji Maji kwa wazee walioona vita kwa macho yao. Kazi hiyo ilifanyika mwishoni mwa miaka ya sitini, wakati wazee bado wapo. John Iliffe aliandika juu ya makuli wa bandari ya Dar es Salaam, migomo yao na umoja wao. Kisha mwaka 1973 akahariri kitabu cha wasifu wa Watanzania mbalimbali, na mojawapo ya sura zake iliandikwa na mwanafunzi, Daisy Sykes Buruku, juu ya babu yake Kleist Sykes.

Kleist, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1949, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association. Mwanawe Abdulwahid alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo miaka ya hamsini, wakati TANU inaundwa mitaa michache kutoka sokoni. Kwa hiyo mjukuu hakuhitaji balozi wa nyumba kumi wala barua ya katibu kata. Hakuna aliyemuuliza ametumwa na nani. Mimi huwa nasema hilo ndilo zoezi bora lililowahi kutolewa na chuo chetu: nenda nyumbani, kaandike habari za babu yako, na uandike kwa kanuni zilezile ambazo ungeandikia habari za mfalme. Sijui kwa nini halikuwa sharti la kila mwaka. Fikiria maboksi ambayo tungekuwa nayo.

Waliobaki mtaani hawakungoja chuo. Mohamed Said, mtoto wa mitaa hiyohiyo, alikusanya habari za kina Sykes na wazee wa TANU wa Kariakoo na Gerezani, akatoa kitabu juu ya Abdulwahid mwaka 1998, London. Kuna wanahistoria wanaokibishia, na kubishana ndiyo kazi yao, lakini nimeona wazee wa baraza wakikijadili ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo sijaliona kwa tasnifu yoyote, yangu ikiwemo. Mwaka mmoja kabla, Mmarekani Susan Geiger alikuwa ametoa kazi yake juu ya wanawake wa TANU, iliyotokana na mazungumzo marefu na Bibi Titi Mohamed na wenzake. Geiger aliwaacha wasimulie maisha yao tangu utoto, ngoma, ndoa, talaka, lelemama, mpaka siasa. Wale ni mabibi wa uani, kumbe ndio waliouza kadi za chama.

Huenda nawapendelea watu wa jamii na historia kwa sababu ni fani yangu. Watu wa sayansi wana madai yao mjini hapa, na ni ya zamani kuliko yetu. Robert Koch alifanya kazi Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, akichunguza malaria, wakati hospitali ya Ocean Road imejengwa juzijuzi kwa ajili ya Wajerumani. Fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai mwezi Julai 1959, lipo Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, na dereva taksi wa pale nje anakuelekeza kituo cha mwendokasi vizuri zaidi kuliko atakavyokuelekeza kwa babu huyo wa karibu miaka milioni mbili.

Lakini kama kuna utafiti ninaouonea wivu, ni wa mbu. Mwaka 2004 jiji lilianza mpango wa kudhibiti malaria mjini, watafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara na wenzao wa ndani na nje wakiwa pamoja na halmashauri, katika kata 15. Kazi ya kutafuta viluwiluwi walipewa wakazi wenyewe. Kila mmoja alikabidhiwa eneo lake. Alilizunguka kila wiki, akichungulia mitaro, madimbwi, mashimo ya ujenzi, matuta ya mchicha na matairi yaliyotupwa, akaandika alichokiona. Baadaye wengine wakawa wananyunyiza dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi na kumwacha binadamu salama. Nilimfahamu mama mmoja aliyefanya kazi hiyo. Alijua mtaro upi umezibwa na mwenye fremu gani, lini, na kwa sababu gani, na hilo la sababu halikuwemo katika fomu yake. Alikuwa na sehemu ya nyuma ya karatasi kichwani. Tofauti yake na sisi ni kwamba matokeo ya utafiti wake yalirudi kwenye mtaro uleule kwa pampu ya mgongoni, na jirani aliyeulizwa juzi akaona leo alichoulizwa kwa ajili yake. Tafiti zilizochapishwa baadaye zilionyesha kwamba malaria ilipungua palipopigwa dawa. Sisi tuliandika kwamba Kariakoo ina mafundi.

Miaka ya tisini ikaingia, na pamoja nayo fedha. Nasema fedha kwa heshima, maana mshahara wa mhadhiri ulikuwa umefika mahali pa kufuga kuku. Kwenye utafiti wa uchumi ilikuwa neema: T. L. Maliyamkono na Mboya Bagachwa walikuwa wametoa mwaka 1990 kitabu juu ya uchumi wa pili, ule usioonekana kwenye hesabu za serikali, na Aili Mari Tripp alikuwa amekaa Dar mwishoni mwa miaka ya themanini akifuatilia jinsi watu wa Manzese na Buguruni wanavyoishi kwa miradi midogo wakati mshahara haumalizi wiki. Mafundi wetu hatimaye walitajwa kwa kazi zao halisi. Taasisi za utafiti zikaanzishwa, ESRF mwaka 1993 na REPOA mwaka 1994, na zote mbili zimefanya kazi ya maana.

Pamoja na hayo ukaja ushauri wa kitaalamu. Mfadhili anataka ripoti baada ya miezi mitatu, maswali keshayaandika, kinachotakiwa ni majibu. Mhadhiri aliyekuwa akikaa uani wiki nzima sasa alituma vijana, akabaki ofisini kuandika muhtasari. Kurudi siku ya tatu bila dodoso hakukuwa na mstari katika bajeti. Seithy Chachage, mwanasosholojia wetu aliyefariki mwaka 2006, aliupigia kelele mtindo huo mikutanoni, kisha akakaa akaandika riwaya. Makuadi wa Soko Huria ilitoka mwaka 2002, kwa Kiswahili, na nina imani kwamba ilisomwa na watu wengi kuliko ripoti zote za ushauri za mwaka ule zikiwekwa pamoja. Nilimwelewa. Kuna mambo ambayo ukiyaandika katika jedwali yanakufa.

Wakati tunaandika hayo, Kariakoo ilikuwa inaondoka. Soko alilosanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, lile lenye paa za zege mfano wa miavuli iliyopinduliwa kukinga mvua na kuyapeleka maji chini, likabaki limezungukwa na maghorofa. Nyumba ya bibi ikauzwa, au warithi wakaingia ubia na mwenye mtaji; kiwanja kilekile kikatoa fremu chini, stoo juu, vyumba vya wageni juu zaidi. Mwaka 1967 mji wote wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 272,821. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Ungetegemea Kariakoo ijae zaidi, na mchana imejaa mpaka mkokoteni hausogei, lakini wanaolala pale ni wachache. Mwenye fremu analala Tabata au Kigamboni. Winga anayekuvuta mkono Mtaa wa Kongo analala Mbagala. Mteja mwenye marobota anatoka Lubumbashi, Lusaka, Moroni.

Hapo ndipo fani yetu iliponaswa, na sijaona wengi wakilisema. Vipimo vyetu karibu vyote vimejengwa juu ya kaya: wanaolala pamoja na kula chungu kimoja. Ulipokuwa uani ulikuwa na kaya. Leo ukipanga sampuli ya kaya Kariakoo unapata walinzi, wageni wa gesti na familia chache zilizogoma kuuza. Eneo linalolisha maduka mengi ya nchi na kuvuka mipaka linaonekana kwenye takwimu za makazi kama kata ndogo isiyo na watu. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Ardhi wameandika muda mrefu juu ya viwanja vinavyojengwa mpaka ukingoni, maghorofa yasiyo na maegesho, mitaro iliyolemewa. Wameandika vizuri. Tarehe 10 Julai 2021 soko likaungua. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa likaporomoka na kuua watu zaidi ya 20, waokoaji wakichimba kwa siku kadhaa huku sauti zikisikika chini. Ikaundwa tume ya kukagua majengo. Nilimtazama rafiki yangu mhandisi siku ile kwenye televisheni ya mgahawa. Hakusema chochote, akaagiza chai nyingine.

Udodosaji wa sasa nauona kila nikishuka mjini. Vijana wana fulana zenye nembo ya mradi, kitambulisho shingoni, na kishikwambi mkononi. Kifaa kinarekodi saa ya kuanza, saa ya kumaliza na mahali uliposimama, na msimamizi akiwa Masaki anaona kama ulikaa kivulini. Hakuna tena mafundi wa kubuni barazani. Mtu akidanganya, swali la kumi na tano linamnasa. Kuna fomu ya ridhaa, inasomwa yote, mshiriki anaambiwa anaweza kukataa na asipoteze chochote. Sisi hatukumwambia bibi hivyo hata mara moja. Kwa upande huo vijana wametupita mbali, na nawaambia.

Ila fomu inahitaji sahihi, na Kariakoo sahihi ni jambo zito. Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka kwa sababu ya kamatakamata ya kodi, mpaka Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Mgeni mwenye kishikwambi anayeuliza mauzo ya siku, atamshawishi nani kwamba hatoki TRA? “Umetumwa na nani?” bado ni swali la kwanza. Halikuondoka na mkoloni wala na Sokoine. Mtafiti naye ana la kwake la kuogopa: kibali cha utafiti cha COSTECH, na kwa muda fulani Sheria ya Takwimu, ambayo marekebisho yake ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazopotosha zile rasmi, mpaka yakalegezwa mwaka 2019. Miezi ile niliona wasomi wazima wakiogopa asilimia.

Na kishikwambi hakina upande wa nyuma. Nimekigeuza mwenyewe kuangalia: kuna kibandiko cha namba ya kifaa na onyo la kutokifungua. Skrini haikubali uende swali la tisa kabla ya kujibu la nane. Kuna kisanduku kimoja mwishoni cha “maoni mengine,” na kijana aliyeniruhusu kuchungulia aliniambia wanashauriwa wakiache wazi, kwa kuwa maandishi marefu yanachelewesha uchambuzi.

Juzi nilikaa kwenye ubao wa muuza kahawa, Narung'ombe, nikamwona binti mmoja anadodosa mwenye fremu ya vitenge. Binti ana adabu, anamwita “kaka” kwa sauti ya chini, amesubiri wateja waondoke. Mwenye fremu hakuwa na hasira. Alimsikiliza mpaka mwisho wa fomu ya ridhaa, kisha akamwambia:

“Dada yangu, mimi mwaka jana nimejibu haya. Mwaka juzi nimejibu. Wale wenzako hawakukuachia? Nenda kachukue yaleyale, sijabadilisha.”

Binti akacheka, akasema ule ulikuwa mradi mwingine. Akaja kukaa pale kwenye ubao, akaniamkia, nikamuuliza anasoma wapi. Kumbe anasoma palepale kilimani, shahada ya pili, idara niliyotoka. Nikamuuliza kama amewahi kukisoma kitabu cha Leslie. Hakulijua jina. Nikamweleza kwamba mtaa tuliokaa umo mle, na kwamba kitabu kipo maktaba ya chuo, sehemu ya East Africana, ambako huazimi. Unajaza fomu na kusomea ndani. Akaandika jina kwenye simu yake kwa makini, akauliza kama kuna PDF.

Nikasema sijui, aulizie. Akasema ataulizia wiki ijayo, wiki hii hapati nafasi. Bado ana watu wanne wa kumaliza kabla ya saa kumi, na mmoja wao lazima awe mwanamke mwenye mtaji chini ya milioni tano. Nikamwonyesha mama anayeuza mikoba ng'ambo ya barabara. Akaniambia asante, mzee, akavuka.